Miaka Mitatu Nikiitwa Hamisa

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa ndani ya ndoo ya maji, mbele ya karani wa ofisi ya kazi ya Korogwe. Nimeshatoka. Gauni limekauka. Matatizo ndiyo hayajakauka.

Kwa ambaye hakuwepo, nitasema upesi. Mimi ni Chausiku, binti Isihaka wa Sindeni, niliyeacha shule darasa la nne. Nasokota kamba za mkonge katika shamba moja nje kidogo ya mji. Mwenzangu Soila huzungusha gurudumu. Mimi nimejifunga furushi la singa, nyuzi za mkonge, kiunoni, nazinyofoa kidogo kidogo huku narudi kinyumenyume hadi mwisho wa banda, na kamba inazaliwa mbele ya macho yangu.

Miaka mitatu nimekuwa nikirudi nyuma. Nikiona haya, miguu hurudi yenyewe bila kuniuliza. Ndiyo habari ya ile ndoo.

Basi amekuja mtu kutoka Zambia. Jina lake halikutukaa mdomoni, tukamwita Bwana Zambia. Kiwanda chao cha kamba kinataka mafundi, na fundi anayetakiwa lazima awe na uzoefu wa miaka mitatu, na aliyemsimamia athibitishe.

Uzoefu ninao. Ila si wangu.

Kipande cha kazi, ile kadi ya kila mfanyakazi, kilikatwa kwa jina la dada yangu Hamisa, binti wa baba mkubwa Athuman. Hamisa alisokota siku mbili, akaona mikono inamuwasha, akaondoka na dereva wa trekta, wakaoana. Kipande kikabaki. Mama akaniambia, "Nenda wewe." Asubuhi mnyapara akaita, "Hamisa!" Nikaona haya kumsahihisha. Nikaitika, na hadi leo naitika.

Pale bandani hilo si jambo la ajabu. Nusu ya watu wanafanya kazi kwa majina ya ndugu zao. Mtu akiugua, shangazi yake anakuja na kipande chake. Mkaguzi akitokea, kila mmoja anamfichia mwenzake. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo tunavyoishi.

Sasa barua ya shamba inamsifu Hamisa Athuman, fundi hodari. Kadi yangu ya TANU inasema Chausiku Isihaka.

"Mlete huyo Hamisa," Lea, yule karani, aliniambia huku akiniokoa kwenye ndoo. "Aseme mbele yetu kwamba kazi hakufanya yeye, umefanya wewe. Na wasimamizi wako waseme hivyo hivyo. Tutakuja bandani Ijumaa na lori, atakayekubaliwa anapanda hapo hapo mpaka stesheni ya treni Dar es Salaam."

"Basi?"

"Basi. Wewe hujaolewa?"

"Bado, dada."

"Vizuri. Mke wa mtu hapandi mpaka mumewe aje aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali."

Mtaniuliza, Zambia naenda kutafuta nini? Nitawaambia kweli. Kule hakuna anayemjua Hamisa. Nilitaka siku moja msimamizi aite "Chausiku!", niitike mimi, na kazi iwe yangu.

Nikapanda basi la Handeni, nikashuka Sindeni.

Shemeji Kudra, yule dereva, nilimkuta kwenye trekta ya kijiji. Hakuwa akiiendesha. Trekta haijanguruma tangu mvua za mwaka juzi. Alikuwa amelala chini yake.

"Shemeji! Karibu! Usikae kwenye kiti hicho, kuku anaatamia."

"Dada yuko?"

"Huisikii harufu? Yuko. Anaunguza maharage."

Hamisa akatoka jikoni na moshi wake. Dada yangu ni mzuri jamani, hata akiwa na masizi. Akanikumbatia, akanizungusha, akanitikisa.

"Chau wangu! Umekonda! Kudra, mwone alivyokonda! Haya, ingia jikoni uyaokoe hayo maharage, mimi yamenishinda."

Nikayaokoa. Nikamwaga ya juu, nikatafuta nazi, nikakatia kitunguu. Kudra alikula akanyamaza, akaongezewa akanyamaza, mwisho akasema polepole kama mtu aliyeona maajabu:

"Kumbe maharage yana ladha."

"Yana ladha ya mkonge," akasema Hamisa. "Haya, mdogo wangu, sema. Hukuja kupika."

Nikasema yote, nikiwa nimeangalia sufuria. Hamisa hakunikatiza. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

"Hiyo barua," akauliza, "imeandikwa jina gani?"

"Lako, dada."

"Inasemaje?"

"Inasema wewe ni fundi hodari. Mchapakazi. Huchelewi. Mnyenyekevu."

Kudra akapaliwa. Tukampiga mgongoni.

"Mnyenyekevu!" akasema alipopata pumzi. "Hamisa! Mnyenyekevu!"

"Nyamaza wewe. Shamba zima limeona, wewe tu ndiye hujaona." Hamisa akajifuta mikono kwenye kanga. "Sawa. Nitakwenda."

Nikamshika mkono. "Ahsante, dada! Utasema tu kwamba kazi hukuifanya..."

"Nitakwenda Zambia."

Nilidhani ni masihara. Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

"Lakini dada, hujui kusokota!"

"Wewe siku ya kwanza ulijua?"

"Sikujua."

"Jina kwenye barua la nani?"

"Lako."

"Kipande cha nani?"

"Chako."

"Basi uzoefu wa nani?"

Nikatafuta jibu. Nikalitafuta kwenye sufuria, nikalitafuta darini. Miguu ikaanza kurudi nyuma, ikatoka nje, ikavuka uwanja, na ilipokoma nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha trekta na kuku ananilaani.

"Na mimi mumeo?" nilimsikia Kudra akiuliza ndani.

"Wewe una trekta."

Asubuhi Hamisa alishapanda basi la kwanza. Kudra alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe kitupu.

"Ataomba ruhusa yangu, shemeji?"

"Sijui. Ila ofisi inataka mume aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Ijumaa, bandani."

Uso wa Kudra ukaamka. "Inataka hivyo? Serikali?" Akaanza kutafuta pampu ya baiskeli. "Kumbe nina kauli!"

Nilirudi Korogwe nikiwa na tumaini moja tu, watu wa bandani. Nikamfuata Mzee Mdoe, mnyapara wetu, akiwa anafunga gurudumu jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Hamisa."

"Mzee, Ijumaa watakuja watu wa ofisi ya kazi. Watauliza habari za... za jina langu."

Mzee Mdoe akasimama wima. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Akashusha sauti.

"Wamejua?"

"Wamejua, mzee. Ndiyo naomba mnisaidie. Nataka mseme..."

"Usiseme neno jingine."

"Lakini mzee, ninachotaka ni..."

"Binti yangu, mimi nimekuwa mnyapara tangu wakati wa wakoloni. Unanifundisha kazi? Nenda ukalale."

Na Soila, ambaye kwao ni kwa wafugaji wa nyika za Handeni na ambaye sauti yake huita ng'ombe wa bonde la pili, akajipiga kifua shanga zikalia. "Lala, rafiki yangu. Mimi nipo."

Nilikwenda chumbani kwangu mtaa wa Kilole nimejaa furaha. Nikajisemea, kumbe nina watu! Na kweli ninao. Hilo ndilo lililoniponza.

Ijumaa ikafika. Lori likasimama uwanjani. Akashuka Lea na mhuri wake, akashuka Bwana Zambia na kofia yake. Hamisa alikuwa ameshafika zamani, kanga mpya, kifurushi kichwani, amesimama kama bibi harusi anayesubiri kupigiwa vigelegele. Watu wote wa banda wakajipanga ukutani. Sijawahi kuwaona wametulia vile.

"Hamisa Athuman ni nani hapa?" Lea akauliza.

"Mimi!" akasema Hamisa.

Nikafumbua mdomo. Lea akaniwahi.

"Na huyu wa ndoo, aliyesema kazi ni yake?"

"Huyu mdogo wangu, Chausiku. Amekuja kunisindikiza."

Miaka mitatu sijasikia jina langu ndani ya banda lile. Siku limetajwa, limetajwa la msindikizaji.

"Mzee," Lea akamgeukia Mdoe, "wewe ndiye msimamizi. Mfanyakazi wako Hamisa ni yupi?"

Nikapumua. Sasa, nikasema moyoni. Sasa mzee atasema kwamba anayesokota ni huyu Chausiku, na kwamba Hamisa ni jina la kipande tu.

Mzee Mdoe akaninyooshea kidole bila kupepesa.

"Huyu ndiye Hamisa."

"Una hakika?"

"Nilikuwepo siku anapewa jina."

"Si wewe Mshambaa wa milimani huko? Huyu kwao Sindeni."

"Nilikuwa napita."

Lea akaandika. Nikamkonyeza mzee. Naye akanikonyeza, tena kwa upendo.

"Mimi ndiye namzungushia gurudumu!" Soila akajitosa mbele bila kuitwa. "Huyu ni Hamisa. Mama yake anaitwa Hamisa. Bibi yake Hamisa. Boma lao lote Hamisa."

"Hata paka wao," sauti ikatoka ukutani.

"Na huyu mwenye kifurushi?"

"Huyo?" Mzee Mdoe akamtazama dada yangu kwa huruma. "Huyo hatumjui. Labda amepotea."

"Mzee Mdoe!" Hamisa akafoka. "Umenisahau? Mimi niliyesokota hapa siku mbili ukaniita kichwa cha panzi?"

Mzee akasita. Niliona lile neno limemgusa, kumbukumbu inamrudia. Lakini akakaza shingo. "Mapanzi ni wengi," akasema.

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikajikusanya. Nikakohoa.

"Mimi," nikasema, "ni Chausiku."

Banda lote likashtuka. Soila akanirukia, akanifunika mdomo kwa kiganja chake chenye bangili za shanga.

"Ana homa!"

"Tangu jana," akasema Mzee Mdoe.

"Pole, Hamisa," likaitikia banda zima kwa sauti moja, nzuri kama kwaya.

Bwana Zambia alikuwa ameketi juu ya rundo la kamba, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Akajifuta macho kwa kofia.

"Mama Lea," akasema kwa Kiswahili chake cha migodini, "mimi hapana kuja kuchukua jina. Jina haifungi mzigo. Mimi nataka kuona kamba."

Hamisa akatua kifurushi kwa maringo. "Niletee huo mkonge!"

Akajifunga singa kiunoni, akafunga ncha kwenye ndoano ya gurudumu. Soila akanitazama, akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda, akaanza kuzungusha. Na dada yangu akaanza kutembea.

Akatembea kwenda mbele.

Jamani, kwenda mbele! Kulifuata gurudumu! Singa zikalegea, zikajisokota zenyewe, zikashika pindo la kanga, kanga ikafuata, na Hamisa akafuata kanga akizunguka kama pia, mkono mmoja juu, anapiga kelele, "Simamisha! We Mmasai, simamisha!" Soila akazidisha mwendo. Gurudumu liliposimama dada yangu alikuwa amekumbatiana nalo, na kwenye ndoano pananing'inia kipande cha kamba chenye maua mekundu ya kanga.

Hata ukuta ulicheka. Mimi nilicheka hadi nikashika tumbo, halafu nikakimbia kumfungua, maana ni dada yangu.

"Umeniacha nianze vibaya," akaninong'oneza akihema. "Kwa nini hukunikumbusha kwamba mnarudi nyuma?"

"Hukuniuliza, dada."

Ikawa zamu yangu. Nikajifunga singa. Soila akazungusha taratibu, kama anavyozungusha siku zote, na miguu yangu ikafanya kile inachokijua. Nikarudi na kurudi, naliona banda zima mbele yangu linakwenda mbali, na kamba inanyooka. Bwana Zambia akaja akaipitisha mkononi, akaivuta, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Ikambeba.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiyo fundi."

Vigelegele! Mzee Mdoe akarusha kofia ikakwama darini.

Lea akafungua kidau cha wino. "Basi imekwisha. Ofisini ulijiita Chausiku, lakini mashahidi wamesema, barua imesema, kamba imesema. Hamisa Athuman, umekubaliwa."

Nilitaka kusema neno juu ya hilo jina. Nikawatazama wale watu wanavyonishangilia, wanavyorukaruka kwa kunificha vizuri, nikakosa nguvu. Nikajisemea, haya, hata kama ni Hamisa, Zambia ni Zambia.

"Ngoja!" Dada yangu alikuwa amekaa chini anachomoa singa kwenye nywele. Akasimama. Macho yake yanang'aa, na mimi nikiyaona macho hayo tangu utotoni huwa natafuta pa kujificha. "Yeye ndiye Hamisa?"

"Ndiye!" banda likaitikia.

"Hamisa Athuman wa Sindeni?"

"Huyo huyo!"

"Basi ameolewa! Mwulizeni mtu yeyote wa Sindeni. Mume wake kasema nini?"

Mhuri wa Lea ukabaki hewani. "Ofisini si uliniambia hujaolewa?" akaniuliza. Mzee Mdoe akaanza kuitazama kofia yake kule darini. Hilo hakuwa amelipangia.

Na hapo kengele ya baiskeli ikalia mlangoni.

Kudra! Amelowa jasho, vumbi limempaka hadi kope, suruali kaifunga kwa kamba ya mkonge.

"Nimechelewa?" akauliza akihema. "Mimi ni Kudra wa Sindeni. Nimeambiwa nina kauli. Mke wangu Hamisa yuko wapi?"

Watu wa banda lile hawajawahi kumwacha mwenzao kwenye shida. Vidole vyote, vya Mzee Mdoe, vya Soila, vya wale wa ukutani, vikaninyookea mimi kwa pamoja.

"Huyu hapa!"

Kudra akanitazama. Akamtazama Hamisa, mwenye kanga iliyochanika na nywele zilizosimama. Akanitazama tena. Nikaona kitu kinapita usoni mwake, polepole, na nikakitambua. Ni ile sura ya maharage.

"Eee," akasema. "Ndiye huyu."

"Kudra!" Hamisa akapiga ukelele. "Umerogwa?"

Kudra akamgeukia kwa adabu kabisa. "Samahani, mama. Tunafahamiana?"

"Bwana Kudra," Lea akasema, "unamruhusu mkeo aende Zambia kufanya kazi?"

"Zambia?" Kudra akaegemeza baiskeli. Akajinyoosha. Nadhani hajawahi kuulizwa ruhusa ya kitu chochote tangu aoe, na alitaka kuionja vizuri. "Hapana. Hapana, siruhusu. Hamisa, mke wangu, chukua vitu vyako. Twende nyumbani."

Akapiga hatua moja kunijia. Miguu yangu ikarudi moja.

Akapiga nyingine. Nikarudi nyingine.

"Shemeji," nikanong'ona, "acha mchezo."

"Mchezo gani, mke wangu?"

Na wote wakaanza kuja. Kudra mbele. Hamisa nyuma yake anamvuta shati, analia na kucheka kwa pamoja. Lea na mhuri. Soila anauliza kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Kumbe una mume na hukuniambia?" Mzee Mdoe anasema, "Mimi nilijua, nilikuwa napita." Nami narudi kinyumenyume, sitazami nyuma, sihitaji kutazama, nikatoka mlangoni, nikaingia juani, nikavuka uwanja, hadi mgongo ukagonga chuma kinachotetemeka.

Ni lori. Injini imeshawashwa.

Mkono ukashuka kutoka juu, mkono wa utingo, ukanyooshwa mbele ya uso wangu.

"Wewe ndiye wa Zambia? Panda upesi, treni haitungoji. Jina?"

"Hamisa!" likapiga kelele banda zima.

"Si yeye!" akapiga kelele Hamisa.

"Mke wangu!" akapiga kelele Kudra.

Nikaweka mguu kwenye tairi. Nikaushika ule mkono. Nikavuta pumzi hadi mbavu zikauma, nikajibu mwenyewe, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Chausiku!"